Choo Kikijaa, Tusisubiri Mvua

Nilikuwa na miaka kama kumi na miwili niliposhikishwa tochi. Masika, saa nane za usiku, mvua inapiga bati hadi mtu wa chumba cha pili akikuita humsikii. Baba alitoka na mtaimbo, akainama nyuma ya choo, akachomoa furushi la matambara lililozibwa kwa udongo kwenye tundu la ukuta wa shimo, upande wa mtaroni. Kilichotoka hakihitaji maelezo. "Mulika chini, usimulike juu," aliniambia, maana mwanga ukipanda majirani wataona. Tulisimama pale mpaka shimo likashuka. Akarudisha matambara, tukanawa, tukalala.

Asubuhi watoto wa jirani walivuka mtaro uliofurika, viatu vya shule wamevibeba mkononi ili visilowe. Mama mmoja alisimama mlangoni kwake na fagio, akayatazama maji, akaitazama nyumba yetu, akarudi ndani. Hakusema kitu. Nadhani na yeye usiku ule alikuwa na tochi yake.

Hapa Dar es Salaam kitendo kile kina jina: kutapisha choo. Tunalitaja kwa sauti ya chini, tena tukiwa tunamsema mtu mwingine. Leo nimeamua kulisema kwa sauti, na nianze na nyumba yetu, ili ndugu msomaji asidhani nimekuja kumnyooshea kidole.

Baba hakuwa mtu mchafu. Ua wake ulifagiliwa kila alfajiri, na mgeni hakuweza kuondoka kwetu bila kuoneshwa choo kilivyosafishwa. Tatizo lake lilikuwa moja: shimo lilijaa, na katika maisha yake yote hakuna aliyemfundisha la kufanya shimo likijaa. Mwaka 1973, kampeni ya "Mtu ni Afya" ilipokuwa redioni, watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi vijijini, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Miaka ya karibuni tumeimbiwa "Nyumba ni Choo". Kampeni nzuri zote mbili, sizibezi hata kidogo. Ila somo limeishia kwenye kuchimba. Kijijini hilo linatosha, kwa sababu shimo likijaa unalifukia, unapanda mgomba juu yake, unahamia upande wa pili wa kiwanja. Sasa nenda Tandale, nenda Keko, nenda Vingunguti, umwambie mwenye nyumba wa vyumba sita, kila chumba na familia yake, ukuta wake unagusana na wa jirani: hamisha choo. Akihamishie wapi? Sebuleni?

Mabomba ya majitaka yanafika nyumba chache za jiji hili. Sisi wengine tuna shimo au karo, na kila shimo lina siku yake ya kujaa. Hapo ndipo maneno makubwa ya haki za binadamu yanapokutana na mtaimbo wa baba.

Tarehe 28 Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipigia kura azimio lililoletwa na Bolivia, la kutambua maji safi na salama ya kunywa pamoja na usafi wa mazingira kuwa haki ya binadamu. Nchi 122 zilisema ndiyo. Hakuna iliyosema hapana. Nchi 41 hazikuelemea upande wowote, na humo zilikuwemo Tanzania na Kenya. Wakenya hawakukaa hivyo muda mrefu: tarehe 27 Agosti mwaka ule ule walizindua Katiba mpya ambayo ibara yake ya 43 inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na ya kiwango kinachofaa cha usafi. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ukaitenga haki ya usafi wa mazingira isimame yenyewe kando ya haki ya maji, maana ilikuwa imeanza kumezwa. (Mimi "usafi wa mazingira" nauita choo. Jina refu linanukia marashi, na linawafanya viongozi wadhani tunaomba mifagio.)

Sisi tuna ibara ya 14 ya Katiba ya mwaka 1977. Haitaji maji wala choo. Inasema kila mtu ana haki ya kuishi, na ya kupata hifadhi ya maisha yake kutoka kwa jamii. Hayo maneno ya mwisho niliyapita mara nyingi kabla hayajanisimamisha. Jamii ni halmashauri, ni wizara, ni mamlaka ya maji, na hao tuwadai bila kuchoka. Lakini na yule aliyeshika tochi ni jamii. Mtoto aliyevuka mtaro na viatu mkononi alikuwa na madai kwangu mimi pia.

Na tusidanganyane kwamba tunachokitapisha mvua hukipeleka "baharini". Mitaro ya mitaa mingi ya bondeni inaishia Mto Msimbazi, na kandokando ya Msimbazi kuna mabustani ya mchicha. Mchicha huo unarudi sokoni, tunaununua, tunaukaanga na nyanya. Baya zaidi ni bomba. Katika mitaa yetu mpira wa maji safi umepitishwa mtaroni humo humo, umeungwaungwa kwa mipira ya baiskeli. Likiwa na presha, bomba lenye ufa linasukuma maji nje, tunalalamika kwamba yanapotea. Ikija zamu ya mgao, presha inashuka, na ule ufa unageuka mdomo: unavuta kilichopo nje. Maji yakirudi kesho yake, mtu wa kwanza kufungua koki anakinga tulichokitapisha. Ndiyo maana nasema ndoo ya maji na shimo la choo ni kesi moja. Anayepigania bomba bila kuuliza kuhusu choo anapigania nusu ya ndoo.

Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam na kikaenea sehemu kubwa ya nchi. Hadi kilipotulia mwaka 2018 kilikuwa kimeshika watu zaidi ya 30,000 na kuua zaidi ya 500. Agosti si mwezi wa mvua. Uchafu ukishakuwepo, haungoji masika.

Sasa wito wangu.

Kwanza kwa wenye nyumba, baba zangu na mama zangu. Wekeni mfuniko unaofunguka juu ya shimo. Nyumba nyingi zimepigiwa zege juu, gari la majitaka likija fundi anaanza kuvunja sakafu, na hiyo ni gharama ya pili kabla ya ya kwanza. Halafu wekeni ndoo yenye kifuniko ndani ya choo. Inaonekana jambo dogo, lakini muulizeni yeyote anayefanya kazi ya kunyonya vyoo kinachomtesa. Atawaambia ni pedi, matambara, chupa na nepi, vinavyoziba mpira hadi mtu atumie saa nzima kuvivua kwa ndoano. Binti hatupi pedi shimoni kwa ukorofi. Anatupa kwa sababu hakuna mahali pengine ambapo hataonekana. Mpeni mahali.

Msimshushe mtu shimoni. Vijana wanaopakua kwa ndoo, ambao mtaani tunawaita vyura, wanaingia na kaptula na konyagi ya kujipa moyo, na hewa ya shimo inaua mtu kabla hajapata nafasi ya kupiga kelele. Zipo pampu za mkono, zipo bajaji zenye tangi zinazopita kwenye vichochoro ambako gari kubwa halikati kona. Zimeshafanya kazi katika jiji hili. Anayezitumia alipwe vizuri, awe na glavu na mabuti, na aitwe fundi.

Kwa wapangaji wenzangu: tunahesabu umeme, tunahesabu maji, choo tunakiona ni cha mwenye nyumba. Siku kikijaa tunahama. Tuulize siku tunapochukua chumba: shimo lilinyonywa lini, na likijaa tunachangia vipi?

Kwa madiwani, watendaji na maafisa afya: faini za kutapisha mnazo, na mnazikumbuka kila masika. Tuleteeni na bei. Mwaka ule wa tochi baba aliulizia gari, akatajiwa fedha inayozidi kodi ya chumba ya mwezi, tena alipe yote siku moja. Mtu huyo huyo alikuwa ananunua maji kwa dumu. Uniti moja ya maji ya bomba ni lita 1,000, sawa na madumu 50 ya lita 20. Dumu likiwa shilingi 100, uniti inasimama shilingi 5,000. Linganisheni na kilichoandikwa kwenye ankara ya mwenye bomba. Asiye na bomba analipa zaidi kuingiza maji, na asiye na mfereji wa majitaka analipa zaidi kuyatoa. Tunaomba vituo vya kumwaga majitaka viwe karibu, kwa sababu sehemu kubwa ya bei ya gari ni mafuta na foleni ya kufika kwenye mabwawa ya majitaka. Tunaomba malipo ya awamu. Na mipira ya maji safi itolewe mitaroni. Hilo halihitaji mfadhili.

Haya yote yasemwe kwenye mkutano wa mtaa, si kibarazani. Ajenda ya choo ikitajwa watu hucheka, kisha huipitisha haraka ili wafike kwenye ulinzi shirikishi. Mwacheni anayecheka amalize kucheka, halafu mrudi pale pale.

Wakati tunasubiri, kichochoro chetu kimeanza upatu. Nyumba nane, kila moja inatoa kidogo kila Jumapili, na kila baada ya miezi kadhaa shimo moja linanyonywa, kwa zamu, wakati wa kiangazi ambapo udongo ni mkavu na gari linafika. Mama aliyesimama na fagio asubuhi ile, sasa ana wajukuu, ndiye mtunza daftari. Tulipopanga zamu palikuwa na ubishi, kila mtu akitaka wa kwanza awe mwingine, kwa aibu ya kufunguliwa shimo mchana kweupe. Baba, ambaye siku hizi anatembea kwa mkongojo, alinyanyua mkono. Gari linakuja kwetu Jumamosi, saa tatu asubuhi.