Hakikufika Kwako, Kilifika Kilwa

Kila tufani inayotangazwa ikapita kando, Unguja tunasherehekea kana kwamba tumeshinda kesi. Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaikaribia pwani ya Tanzania, boti za baina ya Dar es Salaam na Unguja zilisitishwa, wavuvi wakaambiwa wasishushe vyombo, na watu wakakesha wakisikiliza upepo. Kulipokucha na minazi imesimama, simu zikajaa vichekesho. Kimbunga kimepotea njia. Kimbunga kimekosa nauli ya boti. Watabiri wa hali ya hewa wakafanywa wapiga ramli, na mvuvi aliyevuta ngalawa yake juu akaitwa mwoga barazani kwake mwenyewe.

Kicheko kile kilinikera na kinanikera mpaka leo. Hidaya hakikupotea njia. Tarehe 4 Mei kilitua Mafia. Mvua yake ikamwagika Kilwa na Lindi, barabara kuu ya kwenda kusini ikakatika maeneo ya Somanga, na abiria wakakwama huku na huku ya maji. Tulikuwa tunatumiana picha za kuchekesha wakati watu wa pwani ileile, wanaokula samaki walewale na kusema lugha ileile, wanaokoa magodoro yao. Tukasema hakikuja. Hakikuja kwa nani?

Najua mazoea haya yametoka wapi. Tumekua tukitajiwa tarehe za mwisho wa dunia. Harold Camping, mhubiri wa redio wa Marekani, alisema ni tarehe 21 Mei 2011. Ilipopita akaisogeza hadi Oktoba. Wengine wakashika tarehe 21 Desemba 2012 kwa kisingizio cha kalenda ya Wamaya. Septemba 2025 akaja Joshua Mhlakela wa Afrika Kusini na tarehe zake mbili, 23 na 24, na zikapita. Muislamu wa Uroa, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, hana haja hata ya kusubiri siku ifike ndipo ajue kuwa ni uongo, kwani amefundishwa tangu chuoni kuwa ilimu ya Kiyama iko kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Anayetaja siku amekwisha kujifichua.

Lakini hata hao si wa kuchekwa na kuachwa. Kule Kanungu, Uganda, kundi la Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde liliwaambia wafuasi kwamba mwaka 1999 ukiisha na dunia inaisha. Haikwisha. Tarehe 17 Machi 2000 mamia waliteketea ndani ya kanisa lao, na makaburi mengine yakagunduliwa baadaye. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge kula ili wakutane na Yesu. Kilifi ni pwani yetu hii. Unabii wa uongo ukishindwa huacha maiti, na ndiyo maana nautaka upingwe kwa hoja na kwa sheria, si kwa mizaha ya siku moja.

Sasa tazama tunalolifanya. Tumemchukua mtu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, anayesoma picha za setilaiti na kuisahihisha taarifa yake kadiri upepo unavyogeuka, tukamweka safu moja na Kibwetere. Mmoja anakuamuru uuze shamba lako, uache dawa, uache kusomesha watoto. Mwengine anakuomba ufunge chombo na ulale nchi kavu usiku mmoja. Akikosea wa kwanza, umepoteza kila kitu. Akikosea wa pili, umepoteza samaki wa siku moja. Na mara nyingi hata hajakosea. Aprili 2021 kimbunga Jobo kilinyong'onyea baharini kabla ya kufika Dar es Salaam. Kunyong'onyea kwa kimbunga ni tukio la hewani linaloonekana na kupimwa, na taarifa zilisema hivyo kilipoanza kudhoofika. Sisi tukasikia neno moja tu: wamedanganya.

Tulicheka vivyo hivyo mwaka 2000 ulipoingia na kompyuta zisizime. Miaka kadhaa kabla yake mafundi duniani kote walikuwa wamekaa wakirekebisha programu moja baada ya nyengine ili zisichanganye 2000 na 1900. Waliifanya kazi yao vizuri mno kiasi kwamba hakuna aliyeiona, na malipo yao yakawa kuambiwa kuwa hapakuwa na tatizo.

Nasikia hoja nyengine, na hii huambiwa kwa kujiamini kabisa: vimbunga havifiki Unguja, tuko karibu mno na mstari wa ikweta. Ni kweli kwamba karibu na ikweta dunia haiuzungushi upepo kwa nguvu, na ndiyo sababu tufani huku ni adimu. Adimu haimaanishi haipo. Tarehe 15 Aprili 1872, zama za Seyyid Barghash, tufani iliingia Unguja ikavunja majahazi na merikebu za sultani bandarini, ikang'oa mikarafuu na minazi kiasi kwamba sehemu kubwa ya mashamba ya kisiwa hiki haikusalia. Pemba ilisalimika, na tangu hapo karafuu ikawa ya Pemba. Kila mtoto wa skuli anajua kuwa Pemba ndiko kwenye karafuu. Ni wangapi wameambiwa kwamba upepo wa siku moja umechangia? Miaka 80 baadaye, Aprili 1952, kimbunga kiliipiga Lindi. Nayo iko kwenye bahari hiihii.

Tuje Uroa yenyewe, maana hasira yangu iko huko. Nenda Uroa bamvua, asubuhi, maji yamekupwa. Bahari imerudi hadi karibu na mwamba, na katika ule uwanda wote kuna watu: kina mama wameinama kwenye kamba za mwani, wengine wanachokoa chaza, wengine wanatafuta pweza mashimoni, na watoto wanawafuata. Simu wameiacha nyumbani kwa sababu maji ya chumvi huiua. Mbele yao hakuna kisiwa cha kuwakinga, ni mwamba na kisha Bahari ya Hindi tupu. Nyuma yao kijiji kimekaa chini, na barabara ya Chwaka na Pongwe inakwenda sambamba na pwani, kwa hiyo anayekimbilia gari anakimbia kando ya bahari hiyo hiyo.

Tarehe 26 Desemba 2004 ardhi ilitikisika Sumatra, kwetu ikiwa karibu saa 10 alfajiri. Mawimbi ya tsunami yalichukua takriban saa tisa kuvuka bahari. Saa tisa! Watu waliamka, wakanywa chai, wakaenda kuogelea, na mchana wake zaidi ya kumi wakafa Tanzania, wakiwamo watoto waliokuwa wanaogelea Dar es Salaam. Somalia walikufa karibu 300. Kenya, ambako polisi waliwatoa watu ufukweni mapema baada ya habari kufika, alikufa mmoja. Kwetu maji yalikuwa bado hayajajaa, ndiyo salama yetu. Tangu hapo nchi za Bahari ya Hindi zimejenga mfumo wa tahadhari, na tarehe 11 Aprili 2012, Sumatra ilipotikisika tena, tahadhari ilitolewa kwa bahari nzima kisha ikaondolewa kwa kuwa wimbi kubwa halikutokea. Siku hiyo pia wapo waliocheka. Kwangu ilikuwa siku ya kushukuru: kengele iligongwa na haikuua mtu.

Kuna wanaonijibu kwa tawakali. Wanasema lililoandikwa litakuwa. Naamini hivyo pia. Ila yule bedui aliyemwacha ngamia wake bila kumfunga aliambiwa na Mtume nini? Amfunge kwanza, ndipo atawakali. Na Nabii Nuhu, watu wake walimpita akijenga safina wakimcheka, na hakuna anayejinasibisha na wale waliocheka. Kukaa ukingoni bila mpango kisha kuuita uvivu huo imani ni kuitukana imani.

Simbebeshi mvuvi lawama yote, hata kidogo. Mvuvi asiyekwenda baharini leo hana cha kupika leo, na anayemwambia "baki nchi kavu" kwa kawaida ana mshahara wa mwisho wa mwezi. Serikali inayotoa tahadhari bila kufikiria chakula cha nyumba ile imetoa nusu ya tahadhari. Tunayo Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Naitaka ipimwe dikoni, si kwenye kumbi za semina. Taarifa inayosema "upepo wa kasi na mawimbi makubwa" kwa lugha ya ofisi haimwambii mwenye dau lolote. Mwambie ni kusi, itaanza saa ngapi, chombo cha ukubwa gani kisitoke. Mpe mwenye kipaza sauti cha msikiti ruhusa na maneno, maana sauti hiyo ndiyo pekee inayomfikia mama aliye mbali kwenye mwani.

Na watu wa Uroa wana hazina ambayo mtaalamu wa mbali hana. Kwa kuhesabu siku za mwezi wanajua maji yatakupwa saa ngapi na yatajaa saa ngapi. Basi mtoto wa Uroa afundishwe jambo moja zaidi juu ya ujuzi huo: bahari ikikimbia wakati si wake, samaki wakabaki wanarukaruka juu ya mchanga, usiokote hata mmoja, kimbia magharibi, uingie maweni, uipe barabara ya pwani mgongo.

Maafa mengine yamekwisha kutufika bila hata kutangazwa. Maji yamepata joto, mwani wa kotoni unaoza kwenye kamba, na kina mama wamebaki na spinosamu ya bei ndogo. Hakuna aliyetaja tarehe, kwa hiyo hakuna aliyepata wa kumcheka, wala aliyejiandaa.

Kwa hiyo nawaambia masheha wa Uroa, Marumbi, Chwaka na Pongwe, nawaambia Kamisheni, nawaambia na walimu wa skuli na vyuo: msisubiri kimbunga chengine kipewe jina. Bamvua ya kwanza kabla ya masika, saa 4 asubuhi, watu wakiwa mbali kabisa kwenye mwamba, pigeni mwito msikitini bila kuwaonya, mshike saa, na mtuambie ni dakika ngapi zilipita hadi mama wa mwisho na mtoto wake walipofika maweni.