Miezi Ambayo Hatuihesabu



Mwanzoni mwa mwaka 2024 mwenzetu mmoja, mama wa watoto wawili, alitujia na barua mkononi. Chuo kikuu kimoja cha Uingereza kilikuwa kimemkubali kusoma shahada ya pili ya uchumi, lakini kwa masharti. Katika mtihani wa Kiingereza wa IELTS alikuwa amepata 6.0, na chuo kilitaka 6.5. Kwa hiyo ilimpasa atangulie wiki 10 za masomo ya lugha, kisha wiki 2 za hesabu na takwimu, ndipo aanze masomo yenyewe.

Badala ya kufurahi, alikuwa analia. Mama mkwe wake alikuwa amemwuliza, "Mwanangu, mtu mwenye digrii anarudishwaje darasa la lugha?" Naye mumewe, ambaye alikwisha kukubali mwaka mmoja, hakuwa amekubali mwaka na miezi mitatu. Mtoto mdogo alikuwa na miaka minne.

Tulianza na ile aibu. Je, ni kweli kwamba masomo ya matayarisho ni ya wasiojua? Sivyo hata kidogo. Mnamo mwaka 1958 huko Marekani ulianzishwa mpango wa namna hiyo, Economics Institute, ambao kwa miaka mingi uliendeshwa mjini Boulder, jimbo la Colorado. Haupo tena siku hizi, lakini wahitimu kutoka nchi nyingi walipitia hapo kunoa Kiingereza, uchumi na hesabu kabla ya kuingia vyuo vikuu vya Marekani. Wote walikuwa na digrii zao. Hata leo, shirika la DAAD la Ujerumani huwalipia wengi wa wafadhiliwa wake kozi ya Kijerumani ya miezi 2, 4 au 6 kabla ya masomo.

Na kwa nini hesabu? Mama anayekaanga maandazi ya kuuza anajua kwamba kilo ya kwanza ya unga huisha mapema asubuhi, ya pili huisha kwa kusuasua, na ya tatu huenda ikabaki ikaliwa na watoto. Anajua aishie wapi. Mwanauchumi huuliza swali lilo hilo: nikiongeza kimoja zaidi, je, kitarudisha gharama yake? Tofauti ni kwamba chuoni jibu huandikwa kwa milinganyo na michoro, na mwalimu hangoji aliyesahau hesabu za sekondari. Hali kadhalika lugha. Kuzungumza ofisini si sawa na kusikiliza mhadhara wa saa nzima huku unaandika, wala si sawa na kuandika insha ndefu ukitaja kila ulipochukua wazo la mtu mwingine. Shahada ya pili ya Uingereza kwa kawaida ni miezi 12 tu. Anayetumia mitatu ya kwanza kutafuta njia amekwisha kuachwa.

Baada ya hapo tulimwomba aje na mumewe, tukaweka kalenda mezani. Tulihesabu tangu siku ya kwanza ya kozi ya lugha, si tangu siku ya kwanza ya shahada. Ndipo mambo mawili yakajitokeza. Kwanza, mwajiri wake alikuwa ameahidi ada ya shahada, lakini ya kozi ya lugha hakuitaja kabisa. Pili, mume alikuwa akitumaini kumfuata na watoto. Tangu Januari 2024 wanafunzi wengi wa shahada ya pili ya darasani hawaruhusiwi kwenda Uingereza na familia. Nafasi imebaki hasa kwa wanaofanya utafiti na wenye ufadhili wa serikali. Habari hiyo iliwauma, lakini ni afadhali iliwauma wakiwa mezani kuliko baada ya tiketi kukatwa.

Walizungumza siku tatu. Mwisho mume alisema, "Nenda, ila tusiwadanganye watoto." Ada ya lugha ilitoka katika akiba ya ujenzi wa nyumba yao. Mama mkwe, baada ya kueleweshwa, alihamia kwao. Kila usiku, watoto wakishalala, mama huyo alirudia hesabu za kidato cha tano kwa saa moja.

Aliondoka Julai 2024, akarudi mwishoni mwa Septemba 2025. Shahada ameipata. Mtoto mdogo alimkalia mbali kwa wiki mbili, akimwita bibi kila alipotaka kuoshwa. Hatulifichi hilo, kwa maana nalo ni sehemu ya gharama.

Mama unayefikiria kusoma, au unayemwandaa mume aende, usiiruke kozi ya matayarisho ili kuokoa wiki chache. Uliza kwa maandishi nani anailipia. Uliza kama familia inaruhusiwa. Hesabu miezi yote, uwaambie watoto idadi ya kweli. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, lakini hakuna anayekukataza kuyapima kina kwanza.

Tuonane mwezi ujao.