Siku Dar ilipomnyamazisha Muhammad Ali

Kagerankanda, kule Kasulu, ngumi huanza pale mpira unapoisha. Kibanda umiza ni kilekile, mabenchi yaleyale, na mashabiki ni walewale waliokuwa wanazodoana kuhusu Simba na Yanga dakika kumi zilizopita. Kabla ya kengele huonyeshwa mabondia walivyopima uzito. Wanasukumana, mmoja anachonga kwamba mwenzake hafiki raundi ya tatu. Hapo kibanda kinagawanyika. Vijana wanapiga miluzi, wenye umri wanaguna: huyu hana adabu, ngoja apigwe.

Ajabu ni kwamba haohao wanaoguna, ukiwauliza bondia gani bora kuwahi kutokea, watakutajia Muhammad Ali bila kufikiri. Bondia aliyechonga kuliko wote!

Watu wamesahau kwamba Ali hakuzaliwa kipenzi cha watu. Februari 1964, akiwa na miaka 22 na bado anaitwa Cassius Clay, alimpiga Sonny Liston na kuanza kuwafokea waandishi waliokuwa wamembeza. Wamarekani wengi hawakumpenda, na wengi wao kwa sababu za hovyo: rangi yake, dini yake mpya, jina lake jipya, na baadaye kukataa kwake kwenda kupigana Vietnam mwaka 1967. Kwa hayo hakuwa na kosa. Alinyang'anywa ubingwa, akakaa nje ya ulingo zaidi ya miaka mitatu, na mwaka 1971 mahakama kuu ya nchi yake ikampa haki.

Lakini yapo mengine ambayo hata shabiki wake wa damu hawezi kuyatetea. Malcolm X ndiye aliyemlea kiimani. Walipokutana Ghana mwaka 1964, Malcolm akiwa ameshatofautiana na viongozi wa kundi lao, Ali alimpa kisogo. Malcolm akapita hadi Dar es Salaam mwezi Oktoba mwaka huohuo, akarudi kwao, na Februari 1965 akauawa. Nafasi ya kupatana ikafa naye.

Na Joe Frazier je? Huyu alimsaidia Ali kwa fedha siku za kufungiwa, akampigania arudishiwe leseni. Malipo yake yakawa kuitwa kibaraka wa wazungu, na kabla ya pambano la Manila la Oktoba 1975 kuitwa sokwe mbele ya dunia nzima. Watoto wa Frazier walikuwa shuleni wakati huo. Hiyo si tambo ya kuuza tiketi, hata kama tiketi zilinunuliwa.

Afrika haikuyaona hayo, au iliyaona ikayapuuza. Oktoba 30, 1974, pambano la Kinshasa lilipigwa saa kumi alfajiri, ambayo kwa watu wa Kigoma, ng'ambo ya ziwa, ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi. George Foreman alikuwa na mapambano 40 bila kupoteza hata moja. Ali, miaka 32, alijiegemeza kwenye kamba akala ngumi hadi Foreman akachoka, kisha akamwangusha raundi ya nane, uwanja mzima ukiimba kwa Kilingala amuue. Tangu usiku ule kwa Waafrika Ali akawa wa kwetu. Hakuna aliyemuuliza swali lolote gumu.

Swali gumu aliulizwa Dar.

Ilikuwa mapema Februari 1980. Urusi ilikuwa imeingiza majeshi Afghanistan, na Rais Jimmy Carter wa Marekani alitaka dunia isusie Olimpiki ya Moscow. Ali alikuwa India kwenye ziara ya hisani. Carter akamwomba azunguke nchi tano za Afrika kuwashawishi viongozi, akapewa ndege ya serikali, na kituo cha kwanza kikawa Tanzania. Hebu fikiria hesabu ya watu wa Washington: Waafrika wanampenda Ali, basi Ali akisema watafuata.

Uwanja wa ndege watu walimshangilia kweli. Ikulu hakufika. Mwalimu Nyerere alikataa kumwona, bingwa wa dunia mara tatu akaishia kwa waziri. Rais wa nchi ana jambo zito la kujadili, halafu anatumiwa mcheza ngumi? Hata kwenye vilabu vyetu, ukitaka kuzungumza na mwenyekiti hutumi straika.

Waandishi wa habari ndio waliommaliza. Miaka minne kabla, Tanzania ilikuwa mstari wa mbele Afrika iliposusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand ilipeleka timu ya raga Afrika Kusini ya makaburu. Filbert Bayi, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, akabaki bila mbio ambayo dunia nzima ilikuwa inaingoja, yeye na John Walker. Marekani haikuunga mkono, ilikwenda Montreal ikakusanya medali zake. Sasa kwa nini Waafrika waisaidie Marekani? Na hao Warusi si ndio waliokuwa wanawapa silaha wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika? Ofisi za wapigania uhuru zilikuwa hapohapo Dar, na mwezi uleule Zimbabwe ilikuwa inaelekea kwenye uchaguzi wake wa uhuru. Mwandishi mmoja akamuuliza kama amekuja kuwa kikaragosi wa watu wa Ikulu ya Marekani. Yaani lilelile alilomwita Frazier, sasa limerudi kwake.

Ali aliwaka kwanza. Yeye si kikaragosi wa mtu. Halafu, badala ya kuchonga kama alivyozoea, akaanza kusikiliza. Akakiri kwamba huko Marekani hakuelezwa habari za Warusi na ukombozi. Akakiri kwamba pengine anatumiwa kufanya jambo lisilo sawa, na kwamba angejua historia yote hiyo huenda asingekuja. Mjumbe wa rais anasema hivyo akiwa bado kazini, ndege ya serikali inamngoja! Kwa wapangaji wa safari ile aibu haikuwa na mfano. Kwa Ali mwenyewe, huo ulikuwa ushindi ambao haumo kwenye rekodi yake.

Tanzania ilikwenda Moscow. Bayi akapata fedha kwenye mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui akapata fedha mita 5,000. Hadi leo hakuna Mtanzania mwingine aliyerudi na medali ya Olimpiki. Kenya, ambako Ali alipokewa na Rais Moi, ilisusia, na wanariadha wake wakabaki nyumbani.

Isidhaniwe kwamba Dar ilimponya ukaidi. Oktoba mwaka huohuo alirudi ulingoni kupigana na Larry Holmes, akapigwa vibaya hadi kona yake ikamtoa. Mwili ulikuwa umeshaanza kumsaliti, na mwaka 1984 madaktari wakautaja ugonjwa wenyewe. Kukua kwa mtu hakuendi kama msimamo wa ligi. Lakini aliyekuja baada ya hapo alikuwa mtu mwingine. Mwaka 1990 alikwenda Baghdad na kurudi na Wamarekani 15 waliokuwa wameshikiliwa. Mwaka 2001 alimwomba Frazier radhi kupitia gazeti, akisema maneno yale hayakupaswa kusemwa. Mwaka 2004 akaandika kwamba kumpa kisogo Malcolm ni moja ya makosa yanayomuuma zaidi maishani.

Sasa rudi kwenye kibanda. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo wa Tanga alimmaliza Sam Eggington raundi ya pili huko Birmingham, nchi ikamwimba. Septemba 2022 aliishia raundi ya nne mbele ya Liam Smith, Liverpool, na walewale waliomwimba wakamgeuza kichekesho cha mitandaoni. Kukosoa ni haki ya shabiki, tena bondia aliyekula fedha ya tiketi lazima ajibu maswali, kama Ali alivyoyajibu pale Dar. Ila bondia wa Kitanzania huwa hapewi hata nafasi ya kukosea mara mbili. Anaitwa shujaa Jumamosi, Jumatatu ameshazikwa. Ali huyu anayesifiwa kila kijiwe alihitaji miaka 40 kutoka kwa Liston hadi kitabu chake cha majuto. Angekuwa bondia wa Manzese au Tanga, angefutwa kabla ya raundi ya pili ya maisha yake.

Frazier hakulainika upesi, na nani angemlaumu? Msamaha uliopita gazetini si sawa na wa ana kwa ana. Alifariki Novemba 2011. Kwenye ibada ya mazishi Philadelphia, Ali alikuwepo, mgonjwa, suti nyeusi na miwani ya giza, hawezi tena kusema kitu cha kueleweka. Mchungaji Jesse Jackson akawaomba watu wasimame wamwonyeshe Joe upendo wao. Ali akasimama, akapiga makofi kwa nguvu zote alizobaki nazo.