NYUMBANI KWETU: Sauti Hupimwa Kabla ya Kunaswa



Miaka michache iliyopita nilimketisha shangazi yangu sebuleni ili anisimulie habari za ukoo wetu: nani alimzaa nani, na jinsi wazee wetu walivyofika hapa tulipo. Nilikuwa nimenunua maikrofoni, pamoja na kile kisanduku kidogo kinachoiunganisha na kompyuta. Alisimulia kwa muda wa saa nzima bila kuchoka. Jioni nilipofungua nilichokinasa, nilisikia sauti ndogo kama ya mtu anenaye nyuma ya ukuta. Nikaikuza, uvumi wa feni nao ukakua pamoja nayo. Nilikusudia kumrudia mwezi uliofuata. Mwezi huo ulifika, lakini shangazi hakuuona.

Tangu siku ile nimejifunza kwamba kisanduku changu hakikuwa kibovu. Mimi ndiye sikukipima. Kwa kuwa siku hizi vijana wengi hunasa nyumbani kwaya, mashairi na masimulizi ya wazee, yafaa tuelezane jambo hili kwa utaratibu.

Maikrofoni hutoa umeme mdogo mno, sehemu chache tu za elfu moja za volti. Kisanduku huukuza umeme huo, kisha huugeuza kuwa tarakimu. Tarakimu hizo zina dari, nayo huitwa desibeli sufuri. Sauti ikiigonga dari, mawimbi yake hukatwa vilele, ikakwaruza masikioni, wala hakuna fundi awezaye kuvirudisha vilele hivyo kama vilivyokuwa. Sauti ikiingia hafifu mno, utakapoikuza baadaye utakuza na uvumi wote ulioingia nayo. Basi, kiwango huwekwa mlangoni. Sauti ikionekana kuwa na kasoro, fuata njia yake kuanzia kinywani hadi kwenye kompyuta, hatua kwa hatua.

Kwanza, tazama umbali. Kinywa na kiwe shibiri moja hivi kutoka kwenye maikrofoni. Kila umbali unapozidishwa mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi, lakini kelele za chumba hazipungui. Shangazi yangu alikaa mbali kwa zaidi ya shibiri nne. Hapo nilikuwa nimekwisha kupoteza desibeli 12. Angalia pia upande: maikrofoni nyingine husikiliza kwa ncha, nyingine kwa ubavu.

Pili, chunguza waya na tundu. Maikrofoni huunganishwa kwa plagi ya XLR yenye pini tatu. Visanduku vingi vina tundu moja lipokealo plagi za namna mbili. Ile nene ya gitaa huingia katikati. Ukitumia waya wenye XLR upande mmoja na plagi ya gitaa upande wa pili, mara nyingi sauti haitapita katika kikuzaji cha maikrofoni, nayo itakuwa hafifu hata ufanyeje. Tumia waya wenye XLR pande zote mbili. Ukiushuku waya, jaribu mwingine kabla ya kulaumu chombo.

Tatu, uliza maikrofoni yako ni ya namna gani. Ile ya kondensa huhitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kisanduku. Bila umeme huo huwa bubu, au husikika kwa mbali sana. Punguza sauti ya spika na ya visikizio kabla ya kubonyeza kitufe cha 48V, kisha subiri kidogo. Ile ya dainamiki haihitaji umeme huo, bali huhitaji kukuzwa zaidi. Ipo kama SM7B ya Shure, ambayo huhitaji kukuzwa kwa desibeli 60 hivi. Kikuzaji kidogo huenda kisiiweze.

Nne, hakikisha kompyuta inasikiliza kisanduku. Kompyuta ya mapajani ina maikrofoni yake ndani, na mara nyingi huichagua hiyo. Kwaruza taratibu kwa ukucha maikrofoni yako, kisha kwaruza kompyuta. Ikiwa mkwaruzo wa kompyuta ndio unaosikika zaidi, nenda kwenye mipangilio ya sauti ukachague jina la kisanduku.

Tano, ndipo uguse kitufe cha kuzungusha kilichoandikwa Gain. Anza chini kabisa. Mwombe msimulizi aseme kwa sauti yake ya juu kabisa, acheke, au aimbe kiitikio. Pandisha polepole mpaka vilele vya sauti vifike kati ya desibeli 18 na 12 chini ya sufuri. Taa nyekundu ikiwaka, rudi nyuma. Wengi wetu tuliojifunzia kwenye kanda tulizoea kuisukuma sindano juu ili sauti izidi mchakacho wa kanda. Desturi hiyo haina kazi hapa. Kunasa kwa biti 24 kuna upana wa desibeli 144 kwa hesabu, hali biti 16 zina 96 tu. Nafasi ya kuacha chini ya dari ipo tele.

Sita, usidanganywe na visikizio. Kitufe chao hubadili unachokisikia wewe, wala hakibadili kinachonaswa. Hapa ndipo nilipokosea zaidi. Nilivifungulia visikizio mpaka mwisho, nikamsikia shangazi vizuri, nikaridhika, ilhali kitufe cha Gain kilikuwa karibu na sufuri. Amini kipimo kilicho kwenye kioo cha kompyuta kuliko masikio yako.

Mwisho, ndugu msomaji, zima feni, nasa dakika moja ya majaribio, uisikilize yote, kisha ndipo umwambie mzee aanze. Usione haya kumngojesha. Mzee hatachukia kungoja dakika moja, lakini simulizi likiharibika huenda asipatikane wa kulirudia.

Ile saa moja ya shangazi ningali ninayo. Katikati ya uvumi wa feni husikika majina manne. Mengine nimeyakosa.