Sikukuu Ulaya: Mwacheni kijana asome, msimkamue!

MIAKA ya 1990 vijana wa mjini walipotaka kusema fulani yuko Uingereza, walisema "yuko Ukerewe". Sisi wa Mara tulikuwa tunacheka. Ukerewe yetu tunaijua: unatoka Bunda, unafika Kisorya, unapanda kivuko, jioni unakula sato Nansio. Lakini ile Ukerewe nyingine haina kivuko cha kurudia, hasa Desemba.

Desemba ikikaribia, vijiwe vya Nyasho na Mwigobero hapa Musoma huwa na hesabu moja tu: nani ana ndugu majuu, na ndugu huyo ametuma nini. Asiyetuma anaitwa mchoyo, amesahau kwao, ameolewa na Wazungu. Hakuna anayeuliza mwenzetu huyo anakula nini.

Naomba nianze kwa kujishitaki mwenyewe. Mtoto wa baba yangu mdogo, wa Bunda, aliondoka kwenda kusoma Uingereza. Mzee wake aliuza ng'ombe, na sisi wa ukoo tukachanga. Siku ya kumuaga mbuzi alichinjwa na wazee wakambariki. Desemba ya kwanza tukaanza. Dada anataka simu. Mjomba anataka mtaji wa bodaboda. Kwaya inataka spika. Mimi ninayejidai leo kuwafundisha wengine niliomba viatu, tena nikataja na namba.

Naye hakukataa. Akatuma na picha amesimama kwenye theluji, koti hadi magotini, anacheka. Picha ikazungushwa kutoka Bunda hadi Musoma: "Mura ametoboa!" Baadaye sana ndipo aliponiambia kwamba lile koti aliliazima kwa Mghana waliyekuwa wakipanga naye chumba kimoja.

Sasa sikilizeni likizo ya mwanafunzi ilivyo huko. Kwa kawaida visa ya mwanafunzi wa chuo kikuu Uingereza humruhusu kufanya kazi saa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo. Likizo ikifika ndipo anaruhusiwa kufanya kazi kutwa. Kwa hiyo Krismasi ambayo sisi tunaiona ni mapumziko, kwake ni msimu wa mavuno. Wenzake wanakwenda kwa wazazi wao, mabweni yanabaki kimya, na zamu ambazo wenye nchi hawazitaki siku hiyo zinatafuta mtu. London siku ya Desemba 25 mabasi ya mjini na treni za chini ya ardhi hazitembei kabisa. Mwenye zamu atajua mwenyewe atafikaje.

Ndugu yangu alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Usiku wa Krismasi alimgeuza kitandani bibi wa Kizungu ambaye wanawe hawakutokea, akamlisha, akamfuta. Bibi yule akamwita kwa jina la mwanawe. Saa hiyohiyo mama yake mzazi kule Bunda alikuwa anauliza mbona mtoto hapigi simu. Atapigaje? Kila akipiga anakutana na orodha ya maombi!

Januari saa zikarudi kuwa 20, lakini maombi yetu hayakupungua. Akaanza kuzidisha saa kwa siri. Akasinzia darasani, akafeli, mwisho akapoteza chuo na visa pamoja. Amerudi bila shahada. Ng'ombe wamekwenda, shahada haipo, na vile viatu vyangu vimekwisha soli. Hivi mwizi wa ng'ombe wa mzee yule ni nani kama si sisi?

Kutoka Bunda hadi Butiama si mbali, twende tukajifunze. Mwalimu Julius Nyerere alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, mwaka 1949, akarudi mwaka 1952 na shahada ya M.A. Piga hesabu: Krismasi tatu, ya 1949, 1950 na 1951, alikuwa masomoni ughaibuni. Tena Scotland ya wakati huo Krismasi haikuwa hata siku ya mapumziko ya kitaifa. Ilifanywa hivyo mwaka 1958. Sherehe yao kubwa ilikuwa Mwaka Mpya. Fikiria kijana Mkatoliki kutoka Uzanaki, katika mji ambao Desemba jua huchomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni, anasherehekea kuzaliwa Bwana huku watu wanakwenda kazini!

Baba yake, Chifu Burito, alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1942. Nyumbani alimwacha mama yake, Mgaya, na mchumba wake, Maria Gabriel. Shida hazikukosekana. Lakini alikuwa na ufadhili wa masomo, na hakukuwa na simu ya mkononi ya kumwamsha saa nane za usiku kumdai viatu. Akasoma. Mwenyewe alisema baadaye kwamba fikra zake za siasa zilijengeka akiwa Edinburgh. Aliporudi akakanyaga udongo kujenga nyumba yake kijijini, msomi mzima wa Ulaya, na Januari 1953 akamuoa Maria. Julai 7, 1954, TANU ikazaliwa. Hiyo ndiyo zawadi tuliyoletewa kutoka majuu!

Najua kuna watakaobisha: mbona wengine wanakula bata tu huko? Wapo. Watoto wa vigogo likizo yao ni tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi, baba analipa. Hao hawanihusu. Nasema juu ya mtoto wa mlalahoi, ambaye shahada yake ni ng'ombe wa ukoo mzima.

Na Serikali nayo isijifiche nyuma ya mti. Inapompeleka kijana nje kwa fedha za umma, imhesabie miezi 12, si 9, kwa sababu tumbo haliendi likizo. Na balozi zetu zifungue mlango siku ya Krismasi kwa wanafunzi, hata iwe kwa chai na maandazi.

Nawe uliyeko huko, acha picha za koti la kuazima. Unatudanganya, kisha unalia tukikuamini. Sema ukweli: "Mzee, mwaka huu sina."

Na wewe mura wa Nyasho, Desemba hii mpigie ndugu yako. Mwambie mama mzima, mvua imenyesha, muhogo umeshika. Kisha kata simu bila kuomba kitu. Mimi nitakuwa wa kwanza.

Naomba kutoa hoja!