Kichwa cha kigong'ota hakina mto

Wengi wetu tuliopitia katekesi tumeusikia mfano huu, na baadhi yetu tumeutoa wenyewe. Kigong'ota hugonga mti kutwa nzima wala ubongo wake haudhuriki, kwa sababu Mungu amemwekea ndani ya fuvu mfupa laini kama mto, unaomeza kishindo. Basi, Muumba yupo. Mwaka jana tuliutoa mbele ya watoto wa kipaimara katika kigango kimoja, na msichana mmoja akauliza, "Nani amempima?" Tulicheka, tukaendelea na somo.

Wapo waliompima. Mwaka 2022 Sam Van Wassenbergh wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, na wenzake walichapisha uchunguzi wa vigong'ota wa spishi tatu waliorekodiwa kwa kamera za kasi kubwa. Walifuatilia mwendo wa mdomo na wa jicho. Kama kungekuwa na mto katikati, mdomo ungesimama ghafla na jicho lingesimama taratibu zaidi. Haikuwa hivyo. Kichwa chote kilisimama kwa pamoja, kama nyundo. Na tukifikiri kidogo, fundi gani hufunga sponji kwenye nyundo yake? Mto ungemeza nguvu ileile ambayo ndege anaihitaji kupasulia mti. Ubongo wake husalimika hasa kwa kuwa ni mdogo: kishindo ambacho kingemwangusha mtu huleta shinikizo dogo tu ndani ya kichwa kidogo namna ile.

Wapo wenzetu watakaosema mtoto hahitaji fizikia, anahitaji imani, na mfano ni mfano tu. Hatukubali. Mfano wa mpanzi haudai kwamba kuna shamba fulani lililopimwa. Sisi tuliufanya mfano wetu kuwa hoja, tukasema "basi". Mtakatifu Agostino, akifafanua kitabu cha Mwanzo, alisikitishwa na Mkristo anayesema ovyo juu ya mambo ya maumbile mbele ya asiyeamini anayeyajua. Mtakatifu Thoma wa Akwino naye, akizungumzia mwanzo wa ulimwengu, alionya kwamba hoja zisizothibitisha huwapa wasioamini sababu ya kutucheka. Tunavisoma vitabu hivi kwa ajili ya mtihani, kisha tunakwenda vigangoni na mto wetu. Wala njia ya tano ya Thoma haikuhitaji mto huo. Yeye anaanzia kwenye vitu visivyo na akili ambavyo hata hivyo huelekea lengo, na nyundo huelekea lengo vizuri kabisa.

Kilichotuaibisha zaidi ni kwamba ndege tuliyemhubiri hatukuwa tumemtazama. Mmoja wao ni wa kawaida sana Afrika kusini mwa Sahara, kwenye misitu ya miombo, savana na hata bustani. Wataalamu humwita Dendropicos fuscescens, na jina lake la Kiingereza humwita "kardinali", kwa ile kofia nyekundu ya dume. (Jike hana kofia hiyo, utani wa bwenini mnaujua.) Ni mdogo, kama sentimita 15 tu, mgongo una mistari, na mara nyingi hutembea na mwenzi wake. Vidole viwili vya mguu hutazama mbele na viwili nyuma, na mkia wake mgumu humwegemeza kwenye shina. Hula mabuu ya mende na wadudu wengine walio chini ya gome. Dume na jike huchimba tundu pamoja katika mbao zilizokufa, huatamia kwa zamu na kulisha makinda pamoja. Wakishaondoka, ndege wengine wasioweza kuchimba huja kupanga humo.

Kwa hiyo ule mti mkavu tunaoukatia kuni bila kuuangalia huenda ni nyumba ya mtu. Ombi letu ni kwamba kabla ya shoka tuzunguke shina mara moja, tutazame kama lina tundu.

Tulirudi kigangoni tukamweleza yule msichana kwamba tulikosea, na kwamba ndege huyu ana ulimi mrefu wa kuvutia mabuu kutoka ndani ya mti. Akauliza ulimi mrefu hivyo unakaa wapi. Safari hii tulikuwa tumesoma: mifupa inayoushika hupinda ikazunguka nyuma ya fuvu hadi utosini. Akaomba tumchoree ubaoni.