Uvinza Hakuna Shimo

Tulipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, tuliwahi kuliongoza darasa la tano kutoka Ujiji hadi Uvinza kutazama chumvi. Siku mbili kabla ya safari tulikuwa tumekwisha kuandika ubaoni "mgodi wa chumvi", na watoto wakanakili. Tulipofika, mmoja wao akauliza: "Mwalimu, shimo liko wapi?" Tukamjibu upesi kwamba shimo hakuna, aandike anayoambiwa. Twakiri leo kuwa swali lile ndilo lililokuwa somo lenyewe, nasi tukalizima.

Mtoto hakukosa. Mgodi anaousikia katika masomo ni mahali ambapo watu hushuka chini na taa, kama kule Wieliczka, nchini Poland, ambako wachimbaji waliichonga chumvi mwambani kwa karne nyingi, hata kina kikapita meta 300. Uvinza mambo ni kinyume. Chumvi imo ardhini vilevile, lakini mchimbaji ni maji. Hupenya chini, huiyeyusha chumvi, kisha hububujika katika chemchemi karibu na Mto Ruchugi, unaoingia Malagarasi. Kazi ya binadamu ni kuyaondoa maji hayo. Wazee waliyachemsha katika vyungu wakati wa kiangazi, kwa kuwa masika mto hufurika na kuzifunika chemchemi.

Wataalamu John Sutton na Andrew Roberts, waliochimbua hapo mwaka 1967, walionyesha kuwa kazi hiyo ilikuwako tangu yapata karne ya 5 au ya 6. Basi ilikwisha kuwa kongwe Burton na Speke walipopita Uvinza mwaka 1858 wakielekea Ujiji, na kongwe zaidi reli ilipofika Kigoma mwaka 1914. Chumvi ya Uvinza ilibebwa na wapagazi hadi Ujiji na Unyamwezi, na watawala wa Wavinza wakaitoza ushuru. Mtoto wa Ujiji anayedhani biashara ya mji wake ilianza na wageni ana haki ya kuyajua haya.

Wako walimu wanaosema kwamba watoto waelezwe yote kabla ya ziara, wasije wakapoteza muda. Sisi hatukubaliani nao. Anayepaswa kujua yote kabla ni mwalimu, naye aende kwanza peke yake, hata kama nauli itamuuma. Watoto waende na swali moja tu: chumvi inatokaje ardhini bila mtu kushuka? Wakimaliza kubahatisha majibu, ndipo wapande gari.

Na shule isiyo na nauli isikate tamaa. Chukueni sufuria mbili, moja ya maji ya Ziwa Tanganyika, nyingine ya maji mliyotia chumvi vijiko vichache. Chemsheni mpaka maji yakauke. Sufuria ya ziwa itabaki na utando mwembamba tu, jambo litakalowashangaza wengi waliodhani ziwa halina kitu ndani yake. Lakini kabla ya kuwasha moto, pimeni kuni kwa mizani, na baadaye pimeni chumvi iliyopatikana. Kisha watoto wakokotoe kuni za gunia moja, na wautazame msitu ulio karibu nao.